Mtoto Ana Kalenda Mbili

Katika mitaa yetu ya Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, kila mtoto anayekwenda shule ana kalenda mbili. Ya kwanza imetundikwa ukutani katika ofisi ya direkta. Yaanza mwezi wa Septemba, yaisha mwanzoni mwa Julai, nayo yaonyesha siku za masomo, siku za mitihani na siku za kupumzika. Ya pili haikuandikwa mahali popote, lakini wazee wote waijua kwa moyo: ni mwezi wa angani. Wakati wa giza mitumbwi hutoka usiku na taa zake, na ndakala hupatikana. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea juu ya maji yote, ndakala hawakusanyiki tena penye taa, nao wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huketi na jamaa zao.

Kalenda hizi mbili hazijuani. Direkta haangalii angani, na mvuvi haangalii ukutani. Aliye katikati ni mtoto. Juu ya mtoto huyo twataka kuandika leo, maana twaona ya kuwa neno hili dogo la mwezi na ndakala lafumbua neno kubwa: namna shule zetu zinavyopatana, au zisivyopatana, na maisha ya mtaa na malezi ya nyumbani.

Rejista yatuambia nini?

Sisi tunaoandika haya ni katekista. Tulisoma miaka kadhaa seminarini, kisha tukarudi kwetu, tukaoa, tukapewa kazi mbili: kufundisha dini katika shule ya primeri ya parokia, na kutembelea jamaa za Wakristu nyumbani kwao. Kwa hiyo asubuhi twawaona watoto darasani, wanne katika benchi moja, na jioni twawaona wale wale uani kwa wazazi wao, mmoja akiteka maji, mwingine akimbeba mdogo wake mgongoni.

Mwaka mmoja direkta alituomba tutazame rejista ya darasa la tano, tujue ni akina nani wanaokosa masomo. Tukaisoma miezi mitatu, ukurasa kwa ukurasa. Watoto wa kilimani, wale ambao wazazi wao ni makarani na wafanyakazi wa reli, walikosa siku moja hapa na siku mbili pale, kwa sababu ya homa. Lakini watoto wa ufukweni, na wengi wao wasichana, walikosa pamoja siku sita au saba mfululizo, kisha wakarudi pamoja. Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu neno moja tu: «uvivu».

Tulichukua kalenda yenye alama za mwezi, tukailinganisha na rejista. Kila mara siku zile zilikuwa siku za giza. Basi, wasomaji, hebu tufikiri. Mvivu ni mvivu hata mwezi ukiwa mpevu. Uvivu haufuati mwezi. Kinachofuata mwezi ni kazi.

Nayo ndiyo kazi hii. Mitumbwi hurudi alfajiri. Mama hununua ndakala kwa beseni, mara nyingi kwa feza ya kukopa. Jua likianza kupanda, hazina budi ziwe zimekwisha kutandazwa, la sivyo zaharibika. Mtu mmoja hupeleka maji, mwingine hutandaza, mwingine hufukuza kunguru, kuku na mbuzi. Kisha hugeuzwa, na mvua ikitokea hukusanywa mbio mbio. Ziozapo, mama amepoteza mtaji wake na deni limebaki. Kwa hiyo ahitaji mikono saa ile ile ambapo lango la shule lafungwa: saa moja na nusu ya asubuhi.

Mtoto aliyechelewa hupigishwa magoti uani. Na kwa kuwa ametoka moja kwa moja penye samaki, wenzake humcheka: «Ananuka ndakala!» Watu wazima husema hayo ni maneno ya watoto. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili aliyechekwa kwa harufu ya kazi ya mama yake ameumia moyoni, na dawa yake haipatikani dispensari.

Maneno ya mama na maneno ya mwalimu

Palikuwa na msichana mmoja katika darasa lile, mwenye akili sana ya hesabu. Direkta alikuwa karibu kumfuta katika rejista. Tulikwenda kwao. Mama yake alitupa kiti, akatukaribisha vizuri, kisha akatuambia bila kuficha:

«Mwalimu, mimi sichukii kitabu. Lakini shule yamfundisha mtoto wangu kunikataa. Akirudi asema Kiswahili ni lugha ya watu wa chini. Hataki kuketi pamoja nami penye ndakala, aona haya wenzake wasimwone. Kaye zake zote zimetoka katika ndakala hizi. Kama kujua kitabu ni kumwonea haya mama yako, heri abaki hapa.»

Tukarudi kwa mwalimu wake. Naye alisema:

«Ndugu katekista, darasani mwangu wamo watoto zaidi ya themanini. Wazazi watuletea watoto kama mizigo ya treni: washusha, waondoka. Tangu masomo yawe ya bure, hakuna anayekuja kuuliza mtoto wangu anaendeleaje. Nimefundisha miezi mingi jina langu likiwa halijaingia katika orodha ya mshahara. Na sasa niangalie mwezi pia?»

Wote wawili walisema kweli, na ndiyo sababu ugomvi wao ni mgumu. Kama mmoja angekuwa mwongo, kazi yetu ingekuwa nyepesi.

Kamba iliyokatika

Ili tuelewe, yafaa tukumbuke tulikotoka. Mapadri Weupe walifika Mpala, kusini mwa Kalemie yetu, mwaka 1885. Katika nchi hii shule za mwanzo zilikuwa za Kiswahili, na katika vijiji mwalimu alikuwa katekista. Aliishi kati ya watu, alilima shamba lake kama wao, alijua siku ya mvua na siku ya msiba. Kutoka shule za nchi hii alitoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati zetu, aliyepewa upadri tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba. Lakini tusiisifu zamani kupita kiasi. Shule za siku zile ziliwatenga watoto wengi na wazee wao, na desturi nyingi zilihukumiwa kuwa mbaya kabla mtu hajauliza maana yake. Haya ambayo mama yule alisema, bibi zetu nao walikuwa na sababu ya kuyasema.

Mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule zote. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano yalitiwa sahihi, uongozi wa shule ukarudishwa kwa madhehebu; ndiyo maana twaziita shule za konvensione. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa Serikali ukawa si kitu tena, na wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe. Twaikumbuka feza ile kwa jina lake: «prime». Ilizisaidia shule zisife. Lakini ilikuwa kamba ngumu. Mtoto asiyelipiwa alifukuzwa katikati ya somo, mbele ya wenzake, na wengi hawakurudi kamwe.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema ya kuwa masomo ya primeri katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure. Neno hili lilianza kutimizwa kweli mwezi wa Septemba 2019. Watoto wakaja kwa wingi, madarasa yakafurika. Tulishukuru, na twashukuru mpaka leo. Walimu nao walikuwa na malalamiko yao. Mwaka 2021 wengi wa shule za kikatoliki waligoma mwanzoni mwa mwaka wa masomo.

Lakini tazameni jambo jingine lililotokea kimya kimya. Feza ya prime ndiyo iliyokuwa karibu sauti pekee ya mzazi shuleni. Aliyelipa aliuliza. Asiyelipa tena hakuuliza tena. Kamba ilikatika, mtoto akawa huru, na mzazi naye akaenda zake. Hatutaki kamba ile irudi, maana ilikuwa inanyonga. Twataka kusema tu ya kuwa tulipoikata hatukusokota nyingine.

Neno la lugha

Mama yule alilalamika juu ya Kiswahili. Tusipite haraka. Katika shule kadhaa za nchi yetu, mtoto asemaye lugha ya nyumbani uani huvikwa alama shingoni, kipande cha mti au mfupa, naye huibeba mpaka amkamate mwenzake mwenye kosa lile lile. Hivyo mtoto ajifunza mambo mawili kwa mara moja: kupeleleza wenzake, na kuona haya lugha aliyonyonya pamoja na maziwa.

Kifaransa chahitajiwa, hakuna ubishi. Ndicho lugha rasmi ya nchi, ndicho lugha ya mtihani. Mzazi asemaye mtoto wake asijifunze Kifaransa amfungia mlango. Lakini mlango hujengwa katika nyumba, haujengwi hewani. Katiba yataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo yakubali lugha za taifa zitumiwe kufundishia, tena zifundishwe zenyewe kama somo. Basi kile kipande cha mti hakina baba: sheria haikukizaa.

Mkutano wa mwezi mpevu

Miaka mingi shule ile iliwaita wazazi kwa barua ya Kifaransa, siku ya kazi, asubuhi. Walikuja watu wanane, tisa. Ndipo likasemwa: «Wazazi wa ufukweni hawajali.» Sisi tulimwomba direkta kitu kimoja tu, kisicho na gharama: mkutano uitwe kwa Kiswahili, utangazwe baada ya Misa, na uwekwe saa kumi ya mchana, siku za mwezi mpevu, wavuvi wakiwa nchi kavu.

Walikuja. Walijaa katika benchi za watoto wao, magoti yakigusa meza, na wengine walisimama dirishani. Walianza kwa hasira, kama ilivyo desturi ya watu waliokaa muda mrefu bila kuongea. Kisha walipatana juu ya mambo manne.

La kwanza: shule ina masomo ya asubuhi na masomo ya mchana, basi siku za giza watoto wa ufukweni waingie mchana, na mzazi atie sahihi au kidole katika daftari. La pili: pawekwe ndoo ya maji na sabuni langoni, na adhabu ya magoti kwa ajili ya harufu iishe. La tatu: mtoto asipelekwe ziwani usiku, wala asizuiliwe nyumbani mchana kutwa. La nne lilitoka kwa mwalimu mwenyewe, nasi hatukulitazamia: aliomba mama mmoja aje darasani kutoa hesabu.

Alikuja mama wa msichana yule. Alisimama mbele ya ubao katika kitambaa chake cha Jumapili, akasema: «Nimenunua beseni mbili, kila moja franka 35.000. Nimelipa usafiri franka 4.000. Zimekauka, nimepata makopo hamsini. Kopo moja nauza franka 2.000. Nimebaki na faida gani?» Watoto wakaandika, wakakimbilia jibu: 26.000. Mama akacheka. «Mmenitia katika deni, wanangu. Mmesahau matabishi! Makopo matano yamekwenda bure kwa wateja. Faida ni 16.000.» Mwalimu akachukua chaki, akafanya hesabu tena polepole, akageuka: «Mama asema kweli.»

Hatukutazama ubao wakati ule. Tulimtazama msichana. Alikuwa amekaa wima, na hakuficha mikono yake chini ya meza.

Maneno kwa wazazi

Tungekuwa waongo kama tungeilaumu shule peke yake. Katika ua wa mama yule mlikuwa pia mvulana wa miaka kumi na mitatu. Asubuhi zile za giza yeye alivaa shati lake jeupe na suruali yake ya buluu, akaenda shuleni saa moja kamili. Giza la mwezi lawakuta wote. Mbona lamshika msichana tu? Tulimwuliza mama hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema: «Ndivyo tulivyolelewa.» Tukamjibu kwa heshima: «Mama, wewe mwenyewe ulilalamika juu ya shule inayofundisha vibaya. Nyumba nayo ni shule.»

Wazazi wapenzi, malezi ya nyumbani ni mali. Kuwaamkia wakubwa, kugawana ugali na jirani, kutokula kabla mgeni hajanawa, kujua ya kuwa chakula kimetoka katika jasho la mtu: haya hayapatikani katika kitabu chochote cha shule. Lakini si kila kitu tunachokiita heshima ni heshima. Mara nyingine ni woga. Na si kila kitu tunachokiita kazi ya mtoto ni malezi. Mara nyingine ni kumtumia. Alama ya kupambanua ni hii: malezi humwongezea mtoto nguvu ya kesho, kumtumia humla leo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristu, wafundisha ya kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Wengi hupenda kulisikia neno hili kama cheo. Lakini ni mzigo pia. Mlezi wa kwanza hawezi kusema: «Kamwulize mwalimu.» Naye mwalimu, aliye msaidizi, hawezi kusema: «Nyumba yenu hainihusu.» Katika Injili ya Luka twasoma habari ya Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeketi kati ya waalimu hekaluni, akiwasikiliza na kuwauliza. Kisha alirudi Nazareti, akawatii wazazi wake. Hakuchagua kati ya hekalu na nyumba. Alijua njia ya kwenda na njia ya kurudi.

Yaliyobaki

Tusiseme kila kitu kimenyoka. Masomo ya mchana chini ya mabati ya moto ni mateso, na watoto walioamka alfajiri husinzia. Mwalimu wa mchana alinung'unika kwa kuwa wanafunzi wake waliongezeka siku zile. Baba wawili watatu bado wawapeleka wavulana wao ziwani usiku, nasi twaendelea kuwatembelea. Msichana yule alimaliza darasa la sita. Lakini bure yaishia primeri. Darasa la saba ladai feza. Kila juma mama yake huweka kando faida ya makopo machache katika mkebe, na kaka yake sasa hufukuza kunguru zamu kwa zamu. Twauona mkebe ule tukipita, na twatamani uwe mzito zaidi.

Ninyi mnaosoma mbali na ziwa msiseme: hayo ni mambo ya wavuvi. Kila mahali pana mwezi wake. Huko Moba ni majira ya kupanda mahindi. Penye milima ya Kivu ni siku ya soko kubwa. Huko Kolwezi na Likasi ni machimbo, ambako watoto huosha na kubeba mawe, na hatari yake ni kubwa kuliko ya ndakala. Mtoto akikosa mara moja, mwulize yeye. Watoto wa mtaa mmoja wakikosa pamoja, uliza mtaa.

Basi twaomba mambo madogo. Mwalimu afungue rejista yake jioni moja, aisome kama barua kutoka mtaani. Direkta aite mkutano kwa lugha inayosikika na saa inayowezekana. Na mzazi, hata asiyejua kusoma, amwombe mtoto wake amfungulie kaye kila jioni na kumweleza kwa Kiswahili alichojifunza. Mtoto atakayeweza kueleza kwa mama yake somo la Kifaransa amelielewa kweli; na mama aliyesikiliza atajua siku ya mkutano la kuuliza.